Hodi ya Chumba cha Mwisho

Jua halijafika dirishani, na ukumbi mrefu wa nyumba hii unanukia sabuni na chai ya tangawizi. Mama Hodi anapita pekupeku, sinia mkononi, taratibu, asije akakanyaga ndoto ya mtu.

"Hodi," anasema kwenye mlango wa kwanza. Anangoja.

"Karibu, mama," inajibu sauti yenye usingizi, ndipo komeo linafunguliwa. Hapa komeo liko ndani, na ufunguo anao mwenye chumba.

Wanawake wanaohifadhiwa hapa wametoka kwenye nyumba ambazo milango ilipigwa mateke. Mama Hodi ni mlezi wao. Ukimuuliza dawa yake, anacheka. "Ni kubisha hodi tu. Wenzangu wananisema nachelewesha chai. Waache waseme, chai ikipoa inapashwa."

Hakuanza hivyo. Kwa miaka tisa alisafisha vyumba vya hoteli: kugonga, kufungua, kuingia. Wiki yake ya kwanza hapa aliingia vivyo hivyo, shuka begani, akamkuta mgeni amejibanza nyuma ya kabati, mikono kichwani.

"Nilimtisha mtoto wa watu kwa shuka," anasema, na machozi yanamlenga mpaka leo.

Siku hizi roho yake iko juu kwa ajili ya chumba cha mwisho. Binti aliyeletwa mwezi uliopita hajaitikia hodi hata mara moja. Chai huachwa mlangoni, kikombe hurudi kitupu. Begi lake halijafunguliwa. Juzi alimuuliza mlinzi njia ya stendi, maana mumewe ametuma salamu kwamba amebadilika.

"Akirudi kule, sijui kama tutamwona tena," anasema Mama Hodi. "Lakini kumfungia siwezi. Alikotoka alifungiwa vya kutosha."

Sasa amesimama mbele ya mlango wa chumba hicho. Mwanga umeanza kupenya pazia, na vumbi linaelea ndani yake bila haraka.

"Hodi." Kimya. "Hodi, mwanangu." Kimya. Anabisha ya tatu, anangoja, kisha anainama kuweka kikombe chini. Hodi tatu zikikosa jibu, mtu mwenye adabu huondoka.

"Usiingie."

Mama Hodi anarudi nyuma hatua moja. "Siingii, mwanangu."

"Na hiyo chai siitaki. Tangawizi inaniwasha koo."

"Mwezi mzima inakuwasha, na hukusema?"

"Kwangu nilikuwa sithubutu kusema sitaki."

Mama Hodi anaegemea ukuta. Anacheka na kulia kwa pamoja, wala hajifichi. "Basi nikuletee ya maziwa?"

"Lete. Na kesho pia."

Kesho. Analibeba neno hilo mpaka jikoni, anabandika maziwa, anayatazama yakipanda.

"Nina ndoto moja," anasema, mwiko mkononi. "Siku moja huyu atakuwa na nyumba yake. Nitakwenda, nitabisha hodi. Na kama siku hiyo hataki wageni, aniambie mlangoni kabisa: mama, leo hapana. Nitarudi zangu nikiimba."