Kulungu Nyuma ya Nyumba ya Kaka

Mama aliomba picha mbili tu. Ya kwanza, mnyama wa porini kwenye theluji, maana hakuamini kwamba kitu chenye damu kinaweza kulala nje huku Marekani. Ya pili, mimi na kaka yangu tumesimama pamoja. Alikuwa bado kwenye kambi ya wakimbizi, Tanzania, macho yameanza kumwacha, akasema nifanye haraka.

Mnyama hakunipa shida. Kaka ndiye alikuwa kazi. Nasema wazi, kwa sababu watu wetu hupenda kusema "mambo ya kambi" kana kwamba kambi ina mikono: aliyemwacha mama ni kaka yangu mkubwa. Siku ya kuandikisha familia kwa karani wa safari ya Marekani, mahali pa mama alimtaja mdogo wa mkewe. Alifikiri mama atatufuata baadaye, kama mzigo. Mwaka wa sita ule, na mama yuko kulekule.

Basi ghala ninakofanya kazi Buffalo likatupa mapumziko ya siku nne katikati ya baridi, nikaondoka asubuhi peke yangu kwenda Louisville kwa kaka. Redio ya gari ilikuwa mbovu, nikawa naongea na hita. Kando ya ziwa nikaona mwewe juu ya nguzo, amejikunyata kama mzee aliyenyimwa blanketi. Nikasimama pembeni, nikashusha kioo, nikampiga picha. Ikatoka nukta nyeusi. Mbele kidogo, kulungu, lakini huyo alikuwa amegongwa na lori, miguu juu. Sikumpiga picha. Mama ameona maiti za kutosha.

Columbus nililala kwa mama mmoja tuliyekuwa tukipanga naye foleni ya maji kambini. Akanipa ugali na maharage, nikampa simu atazame: mwewe wangu, bata mzinga wa porini saba wakivuka shamba lililokwisha vunwa, na nyayo tupu za sijui nani. Akazitazama zote, akarudi mwanzo.

"Baba, humu ndani hakuna mtu hata mmoja."

Nikamwambia wanyama hawamdanganyi karani. Akacheka, akaniongezea maharage.

Kaka alinipokea vizuri, na hilo liliniudhi. Amezeeka. Nikamwuliza habari ya mama kabla sijavua koti. Kwanza akasema karani alikosea. Nikamjibu karani aliandika alichotamkiwa. Akatazama zulia.

"Mke wangu alikuwa analia," akasema. "Mama hakulia."

Nikatoka kwa mlango wa jikoni hadi nyuma, penye mapipa ya taka na miti kidogo, naye akanifuata, akanipita. Ghafla akachuchumaa, akarudisha kiganja nyuma, vidole vimebanana: simama. Ndivyo baba alivyokuwa akitufanyia tulipotoka naye kwa siri nje ya mpaka wa kambi kukagua mitego. Miguu yangu ikatii kabla yangu. Kulungu watatu walikuwa mitini. Mmoja alitukazia macho, mvuke unamtoka puani. Nikapiga. Ndani ya picha kuna kulungu, theluji, na mgongo wa kaka.

Walipokimbia, akapangusa magoti, akanyoosha mkono.

"Lete simu, mdogo wangu. Tupige ile ya mama."

Nikaitia simu mfukoni. Nikasema mwanga umekwisha. Ilikuwa saa saba mchana.

Kulungu nikamtumia mama jioni ile. Ujumbe wake wa sauti ulinikuta kesho yake kwenye kituo cha mafuta, nikiwa narudi, nimekaribia Columbus. Alishukuru. Jirani alikuwa amemsimulia mpaka ule mvuke wa puani. Mgongo, akasema, hakuhitaji kusimuliwa, huo anaujua. Kisha akauliza, "Na wewe uko wapi?"

Nikamjibu kwamba mimi ndiye niliyeshika simu. Louisville ilikuwa mwendo wa saa tatu tu nyuma yangu. Sikugeuza gari.