Nilivyoikataa sheria ya Jumuiya pale mizani, mananasi ya dada yangu yakichemka juani

Wakuu, habari za muda huu. Wengi wenu humu najua ni sawa na wajukuu zangu, kwa hiyo marahaba hata kabla hamjanisalimia.

Naandika kwa kidole gumba kimoja, na shule yangu iliishia pale mwalimu alipochoka na mimi. Mtanivumilia. Ila ninachosimulia kimenikuta mwenyewe, na kama yupo humu aliyekuwepo siku ile, basi ajue namruhusu acheke tena.

Naanza na mbuzi. Msiniulize mbuzi anahusu nini, tutafika tu.

Zamani kule kwetu Kisarawe tulikuwa vitongoji vitatu vinapakana, na kila kimoja kina sheria yake ya mbuzi. Kwetu, mbuzi akila mihogo ya mtu, mwenye mbuzi anaomba radhi, anapewa uji, yameisha. Kitongoji cha pili wanamfunga mbuzi mpaka mwenyewe aje kulima upya matuta yaliyoharibika. Kitongoji cha tatu walikuwa wanamchinja.

Yaani mbuzi mmoja, kwa matembezi yake ya asubuhi tu, anaweza kutoka kwenye msamaha akaishia kwenye mchuzi.

Ugomvi ukawa hauishi. Wazee wakaitana, kila kitongoji kipeleke watu wake wakae pamoja. Mimi nilikuwa kijana mwenye mdomo, nikapelekwa. Na ni mimi, wakuu, tena nimesimama, niliyesema: "Tuwe na sheria moja. Ikigongana na ya kitongoji, hii ya pamoja ndiyo ishike." Watu wakapiga makofi mpaka nikaona aibu ya furaha. Tukachagua ile ya kulima upya matuta.

Mbuzi wa kwanza kukamatwa alikuwa wa kwangu.

Nikaenda nimefura kama andazi. Nikawaambia, "Sisi kwetu mbuzi anaombewa radhi!" Mdogo wangu Zamda, msichana mdogo wakati ule, akaniuliza mbele ya watu, "Kaka, si ulisimama wewe?"

Nililima matuta. Na yule beberu alikuwa na tabia zake nyingine ambazo ningewasimulia, lakini mods watanifuta.

Haya. Miaka ikaenda, nikahamia Kibaha, Picha ya Ndege. Pale kuna kijiwe cha madereva wa malori, na kuna benchi, na kwenye benchi kuna pembe moja ambayo ilikuwa yangu. Mimi sina leseni hata ya baiskeli. Ila nimekaa na madereva muda mrefu nikisikiliza, mpaka nikawa wakili wao. "Mzee Kondo, hii imekaaje?" Najibu. Sikuwahi hata siku moja kusema sijui.

Zamda yeye alibaki Kisarawe, analima mananasi. Msimu huu yalimkubali kweli kweli, manene, harufu inakupokea kabla hujafika shambani. Akapata mnunuzi wa Dodoma, ila na sharti: yawe sokoni kabla ya alfajiri, yakichelewa anachukua ya mtu mwingine. Zamda akavuna shamba lote. Hakubakisha nanasi la akiba.

Akanipigia. "Kaka, nisindikizie mzigo. Wewe unayajua mambo ya barabarani."

Wakuu, sentensi ile ilinivimbisha. Nikafua kanzu.

Sasa kwetu lori halitoki bila salamu. Likisikika linapakia, kila mwenye ndugu huko mbele anakuja na chake: fenesi la shangazi, gunia la mihogo la mkwe, mkeka wa mwali. Huwezi kumkatalia mtu, utaonekana umekuwa Mzungu. Na vitu hivi kwa sababu vinakuja mwisho, vinakaa nyuma kabisa, mkiani. Mimi mwenyewe niliweka kinu cha mninga cha mama mkwe wangu wa Morogoro. Kinu kile wanaume wawili wanakinyanyua wakitaja jina la Mungu.

Halafu nikatoa amri: mbele, nyuma ya kichwa cha gari, paachwe wazi. Nina rafiki yangu Visiga ana nazi zangu, tutazipitia.

Tukafika Visiga. Rafiki kaenda msibani, mlango una kufuli, nazi ziko juu ya minazi zinatuangalia.

Dereva wetu, Massawe, kijana mstaarabu sana, akasema, "Mzee wangu, basi tusogeze mzigo mbele. Gari limekalia mkia."

Nikamwambia, "Wewe endesha. Uzito wa jumla uko chini, na ukizidi kidogo sheria ya nchi yetu inavumilia. Hiyo naijua."

Akaniangalia, akawasha gari.

Pale mizani alikuwepo dada mmoja wa sare, miwani myeusi, sauti ya upole. Akapima, akatoka nje akaja upande wangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Uzito wa jumla mko sawa. Ila uzito kwenye ekseli ya nyuma, yale magurudumu ya mkiani, umezidi kidogo. Sogezeni mzigo mbele, mrudi nipime tena, muende zenu. Sitawaandikia kosa."

Angalieni hapo, wakuu. Nimepewa mlango, umefunguliwa, na umeshikiliwa nisijigonge. Mimi nikatafuta dirisha.

Nikashuka. Kanzu ikapepea. Nikasema, "Mwanangu, sheria ya Tanzania inasemaje kuhusu ekseli?"

Akasema, "Mzee, mambo ya uzito kwenye barabara kuu hizi siku hizi ni sheria ya Jumuiya."

"Jumuiya ipi?"

"Ya Afrika Mashariki."

Nikacheka kile kicheko cha kijiweni, kikubwa, ili madereva wengine wasikie. Na walisikia, wakaanza kusogea. Nikaona nimepata mahakama. "Yaani watu wa Arusha wakae huko na baridi yao, watunge sheria, ije ipime mananasi ya Kisarawe? Nani aliwapigia kura?"

Dada akatabasamu. "Mzee kwenu wapi?"

"Mimi Mzaramo."

"Basi mtani wangu, mimi Mnyamwezi. Babu zangu walibeba mizigo mabegani kutoka bara mpaka pwani kwenu. Leo mimi napima tu, na wewe unalalamika!"

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka kidogo, kwa sababu utani ni utani, lakini ndani nilikuwa nimechomwa.

Kisha akanieleza taratibu, kama mtu anayemlisha mtoto. Kwamba wabunge wa kule Arusha huchaguliwa na mabunge ya kila nchi, la kwetu likiwemo. Wakishapitisha muswada unakwenda kwa marais, na marais wote wakiusaini unakuwa sheria katika nchi zote. Na kwenye mkataba wa kuunda Jumuiya nchi zenyewe zilikubaliana kwamba katika mambo ya Jumuiya, ikigongana na sheria ya nchi, ya Jumuiya inatangulia.

"Zamani lori linatoka Dar halali," akasema, "likivuka mpaka linakuwa na kosa. Kila nchi na kipimo chake. Ndiyo wakakaa wakaandika kimoja."

Mnasikia mbuzi hapo? Mimi sikumsikia.

Nikasema, "Sisogezi hata nanasi moja. Nikisogeza nitakuwa nimekubali."

Dada akasema, "Sawa mtani. Kaa hapo pembeni na uhuru wako."

Tukawekwa pembeni. Jua la mizani mnalijua, hakuna hata kivuli cha nzi. Massawe akasema, "Mzee wangu, nisogeze tu, nafanya mwenyewe, wewe kaa." Nikamkatalia. Nikawa nawahutubia madereva juu ya uhuru wa taifa, wakija wapya naanza upya. Nyuma yangu turubai likaanza kutoa harufu. Mwanzo tamu. Baadaye tamu ya kutia wasiwasi. Nyuki wakaja, nao hawakuniuliza sheria ya nchi gani.

Simu ya Zamda. "Kaka, mmepita Morogoro?"

Nikamwambia, "Tuko kwenye hoja."

Akauliza, "Hoja ndiyo wapi?"

Massawe akanyoosha mkono, akachukua simu, akamweleza yote, kwa ufupi ambao sikuupenda.

Zamda alitokea jua limeshalegea, kwa bodaboda, vumbi la Kisarawe mpaka kwenye kope. Hakunisalimia. Akaenda moja kwa moja kwa yule dada. "Mwanangu, tufanye nini?"

"Sogezeni mbele, mama."

"Haya."

Basi. Hoja yangu ya mchana kutwa alikuwa ameimaliza kwa "haya".

Akapanda juu ya lori mwenyewe, kanga kiunoni, madereva waliokuwa wananipigia makofi wakapanda kumsaidia. Mananasi ya chini yalikuwa yameanza kulia maji, akayatupa pembeni moja moja, na kila moja aliliangalia kwanza. Yale ndiyo yaliniuma. Angenitukana ningepona haraka zaidi.

Walipofika kwenye kinu akauliza, "Hiki cha nani?"

Nikajibu, "Cha mama mkwe."

"Kishusheni."

Gari likapimwa. Sawa sawia. Nikaelekea mlango wa kichwa nikakae mahali pangu, nikamkuta Zamda ameshakaa.

Akanitazama kupitia dirishani, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka, kicheko cha kuchoka. "Kaka, ni mbuzi yule yule."

Wakaondoka. Nikabaki na kinu.

Walifika, wakuu, dakika za mwisho kabisa. Mnunuzi alikuwa ameshaanza kuongea na mtu mwingine. Kilichoharibika kiliharibika, kilichobaki kilimvusha msimu. Nanasi langu la shukrani halijaletwa mpaka leo na siliulizii.

Funzo nililolipata ni hili: sheria ya pamoja kila mtu anaitaka, mpaka siku inapomkuta na mbuzi wake. Na ukiambiwa sogeza mzigo, sogeza kwanza, ubishi una siku zake. Wenye elimu ya mambo haya mje mnirekebishe nilipokosea kuhusu Arusha, na nyie wengine semeni, nani humu ameshawahi kukwama mahali kwa sababu ya mdomo wake tu? Nisiwe peke yangu.

Ile pembe yangu ya benchi Picha ya Ndege? Nilirudi kesho yake. Habari zilinitangulia. Kijana mmoja akasimama, akavua kofia, akainama: "Karibu Mheshimiwa Ekseli. Tumekuachia nafasi, ila kaa mbele, nyuma umezidi."

Benchi zima likacheka, na dereva mgeni ambaye hanijui akaniuliza kwa heshima kabisa, "Mzee, eti mkanda wa abiria sheria yake imekaaje?"

Nikafungua mdomo. Jibu lilikuwepo, nawaambia ukweli, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Nikasema, "Sijui." Nikachukua fimbo yangu, nikavuka barabara, nikaenda zangu nyumbani. Sijakaa tena pale.