Mawe ya Nyongo na Kuku wa Mama Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali ndogo pale Hurlingham, Sista Perpetua, mkuu wa wodi, alinipa aproni na toroli la chai. "Sabina, sukuma polepole. Hapa hata kelele inauma." Shule niliachia darasa la tatu, lakini toroli nililijua haraka.

Nilianza jikoni kwa Bwana Otiato, mpishi mkuu, nikipeleka chai wodini, kisha nikahamishiwa wodi ya upasuaji. Huko Sista alinifundisha habari za nyongo. Ini hutengeneza maji machungu ya kijani, na kifuko kidogo chini yake huyahifadhi. Ukila mafuta, kifuko hujikaza na kuyasukuma utumboni, yasaidie kusaga yale mafuta. Wengine maji hayo huganda yakawa mawe. Jiwe likiziba njia, utasikia uchungu chini ya mbavu za kulia, unapanda hadi begani. Ukiona homa au macho ya manjano, usikae nyumbani.

Asubuhi moja Rosemary Nafula alikuwa akingoja kutolewa kifuko hicho, kimevimba, naye amekatazwa kula. Mara akaingia mama mkwe wake, Mama Respa, moja kwa moja kutoka basi la Bungoma, na hotipoti ya kuku. Kwetu magharibi kuku ndiye heshima yenyewe. Kumkataa mbele ya mama mkwe ni kama kumfukuza mama mwenyewe. Rosemary, maskini, akajikokota akaketi, akanyoosha mkono. Nikaweka wangu juu ya kifuniko.

"Mama, huyu umemchinja mwenyewe?"

"Nani mwingine?"

"Nyongo haikupasuka?"

"Wee! Mimi nipasue nyongo? Nilianza kupika wewe hujaolewa!"

"Basi, nyongo ya Rosemary iko hapo hapo, chini ya ini, imejaa mawe. Daktari anaitoa leo, taratibu kama wewe. Lakini akila sasa, akiwa kwa dawa ya usingizi anaweza kutapika, chakula kiingie mapafuni. Itabidi waahirishe, na kifuko kinaweza kupasuka."

Akamtazama Rosemary tumboni. "Na mtu ataishi bila nyongo?"

"Ini litaendelea kuitengeneza, Mama. Itateremka yenyewe utumboni."

Akaisogeza hotipoti kando, akamrudisha Rosemary kwa mto. "Lala, mwanangu. Kuku nitachinja mwingine. Wewe sina mwingine."

Sasa nimestaafu, niko Riruta, magoti hayanitaki. Majirani wakibeba chakula cha mgonjwa hupitia kwangu. Nawaambia, mkikatazwa kumlisha, msikasirike mkaondoka. Kaeni naye. Mama Respa alikaa. Rosemary alipozinduka baada ya upasuaji, ingawa mumewe naye alikuwa amesimama palepale, jina la kwanza aliloita lilikuwa "Mama". Yule mume alicheka mpaka akafuta machozi.