Jiwe la Mlangoni

Watu wa Ruring'u wanajua ni nani aliyewajengea zile ghorofa tatu za mawe, na shule niliacha darasa la sita. Kwa hivyo wiki iliyopita wazee wa kanisa letu la zamani waliniita mimi, si mwingine, nije nilibomoe. Nilipofika mlangoni nikaliona lile jiwe lililolainika, nikarudi utotoni papo hapo.

Mvua ilikuwa imetoka tu kunyesha, mawe yakinukia udongo, na shuka ya cucu, nyanya yangu, ikinukia moshi. Alisimama mbele ya jiwe hilo akaliegemezea paji lake la uso. Cucu alikuwa na bonde kwenye paji, la kutosha kidole changu. Nikajua sababu ndiyo hiyo: jiwe limemchimba. Nami nikabana kichwa changu ukutani mpaka kikauma.

"Ati unafanya nini?"

"Nataka bonde kama yako."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Hii haipatikani kwa kusimama, mzee wangu!"

Nilikuwa fundi mzima shangazi aliponieleza. Akina mama ndio waliobeba mawe yale kutoka mtoni, mgongoni, kamba ya ngozi ikipita kwenye paji la uso. Cucu alikuwa msichana, na la mlangoni alilibeba yeye.

"Mkubwa, tingatinga inakuja lini?" mwenyekiti wa wazee akaniuliza pale mlangoni wiki iliyopita.

"Haiji. Nitawatengenezea paa. Ukuta hakuna wa kugusa."

Nimezoea kujigamba kwamba kwetu mimi ndiye wa kwanza kujenga kwa mawe. Sasa nasema wa pili.