Shimo la Chokaa la Fundi Chirau

Watu wa Msambweni walimjua Fundi Chirau kwa vidole vyake. Mikunjoni vilikuwa vyeupe na kucha zimelika, kwa kuwa tangu ujana alikuwa akichoma matumbawe na kupiga lipu ya chokaa. Kuanzia Waa hadi kwao kulikuwa na misikiti mitatu yenye mkono wake. Lakini mwaka ule wa hamsini na sita moyo wake ulikuwa kwenye kazi moja tu: mihrabu ya msikiti mkongwe, iliyojengwa na babu yake, ambayo lipu yake ilikuwa imeanza kumomonyoka.

Abdurahman, msimamizi wa msikiti, alikuwa amekwisha kuletewa mifuko ya simiti.

"Kuta zote nitazipiga lipu ya simiti, Fundi. Mihrabu nakuachia wewe. Lakini mwezi wa Ramadhani ukiandama hujamaliza, nayo naipiga simiti."

"Ukuta wa matumbawe hutoa jasho, bwana. Ukiuziba kwa simiti chumvi itaisukuma lipu nje. Utakuja kuniambia."

"Nikuambie nini? Nairobi wanajenga ghorofa kwa simiti, wewe wanitisha na jasho!"

Chirau alirudi kwake. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na shimo la chokaa iliyolala majini mwezi wa tano sasa, imefunikwa kwa magunia na makuti. Ilibaki mwezi mmoja iive, iwe laini kama mtindi. Mwezi huo aliitwa kijiji cha Bongwe kutengeneza kisima. Nyumbani alimwacha bintiye Mwanarusi, aliyekuwa amerudi kwa baba kujifungua mtoto wa kwanza.

"Magunia yasifunuliwe, mwanangu. Ikipigwa na upepo imekufa."

"Haya, baba. Nenda salama."

Alirudi zikiwa zimebaki siku tatu mwezi uandame. Hata kanzu hakubadili. Alifunua magunia, akatia fimbo. Chokaa iliyokuwa ikifika kiwikoni sasa haikupita vidole vinne, nayo yote ilikuwa imekauka na kupasuka kama tope la jangwani.

"Mwanarusi!"

"Labeka, baba." Alitoka, mtoto yu kifuani ananyonya.

"Chokaa iko wapi?"

"Jirani Mwanaima alikuja kuomba kidogo ya kutafunia tambuu. Kisha Bi Kache akataka bakuli moja, apake chumba cha bibi arusi. Kisha dada zake Bi Kache..."

"Kisha na mbuzi wakaja kuomba?"

Macho ya Mwanarusi yalijaa machozi. "Baba, hao ndio walionikanda. Hao ndio walioniletea uji wa pilipili manga, nami siwezi hata kuinuka. Waje na bakuli, niwarudishe nalo tupu?"

 Chirau alijua fika kwamba angalikuwapo, angaliwachotea yeye mwenyewe. Hilo ndilo lililozidi kumchoma. Alichukua ndoo akatoka.

"Hodi!"

"Karibu, Fundi," Mwanaima alimjibu. "Leo wewe ndiwe mwombaji?"

"Ile chokaa yangu."

"Ee! Yangu nimeshaitafuna!" Akamtolea ulimi mwekundu, akacheka mpaka akashika ubavu.

Kwa Bi Kache ukuta ulikuwa ukimetameta. "Nikukwangulie chumba cha harusi, Fundi?" Hata hivyo alimtolea chungu kilichobaki robo. Nyumba moja ilitoa kikombe, nyingine kifuu. Hakuna aliyemnyima, wala hakuna aliyekuwa na ya kutosha. Alasiri ndoo ilikuwa nusu.

Kwa siku mbili alipiga lipu mihrabuni. Tao likapona, na nguzo ya kushoto. Ya kulia lipu ilifika usawa wa magoti, na mwiko ukaanza kukwangua ndoo kavu.

"Leo huenda mwezi ukaandama," alisema Abdurahman nyuma yake.

"Nipe miezi sita nichome nyingine."

"Miezi sita! Tuswali mbele ya gofu?"

Kibarua akaleta simiti kwenye karai. Akainama, akaibandika kwa fujo, donge juu ya donge. Chirau alivumilia mara tatu. Mara ya nne akampokonya mwiko.

"Toka. Kama ni lazima, nitaipaka mimi."

Akaipaka mwenyewe, nyembamba kadiri alivyoweza, ili siku moja mtu aibandue bila kuvunja jiwe la babu yake. Lile pande la kijivu lilimkodolea macho mpaka alipotoka mlangoni.

Baada ya Idi alichoma matumbawe mengine, akachimba shimo jipya. Kisha, jasho likimtiririka, akaanza kuchimba jingine kando, dogo.

"Na hilo la nini, baba?" Mwanarusi aliuliza.

"La bakuli za majirani zako," alisema bila kuinua kichwa, akapiga jembe kama anayemgombeza mtu.