Marashi Yasiyo Yake

Mwezi wa sita mwaka jana tulimzika mume wangu, Baba Neema, hapa Kalenga. Haya ninayoyasema yalitokea kweli. Sina nguvu ya kutunga.

Huku kwetu marehemu hupuliziwa marashi kabla jeneza halijafungwa. Siku ile nyumba ilijaa watu, chupa ya marashi yake haikuonekana. Wifi yangu wa Mbeya akatoa ya kwake mkobani, ya asumini.

"Si yake hayo," nikasema.

"Wifi, marehemu hachagui. Au unataka anuke dawa ya mochwari?"

Nilikuwa nimechoka. Nikamwachia apulize.

Naomba mwelewe tofauti yake. Asumini ni tamu, inakukaa kooni kama chai iliyozidi sukari. Ya mume wangu yalikuwa yale ya wazee, ya lavenda na majani makavu: mwanzo yanachoma pua, halafu yanatulia, unasikia harufu ya shuka iliyoanikwa juani. Harufu hiyo ilibaki kwenye koti lake tu. Kila nikizidiwa, nilinusa kola.

Matanga yalipoisha, wazee waligawa nguo. Koti wakampa wifi, dada yake wa pekee. Ningekataaje? Nikampelekea. Nilishuka basi Iyunga, kule Mbeya, asubuhi, ukungu mzito. Mbele yangu alikuwa anatembea mwanaume mwenye suti tuliyomzika nayo mume wangu. Asumini ilinifikia kabla sijamfikia yeye. Niamini, sikuwa nasinzia.

Akasimama, hakugeuka. "Mama Neema, nipe koti. Kule hawanijui."

Wewe ungefanya nini? Nikilitoa, harufu yake ndiyo imekwisha duniani. Lakini sauti yake ilikuwa imechoka kuliko mimi. Nililiweka chini, nikarudi nyuma. Akaliokota, akalivaa, akapotelea kwenye ukungu.

Wifi alinipokea mlangoni. "Koti liko wapi?"

"Amelichukua mwenyewe."

"Wifi jamani, umeanza kunywa ulanzi asubuhi hii?" Akacheka, akaufungua mfuko niliobebea koti. Ulijaa harufu ya asumini. Akakaa chini pale pale kizingitini.

Tangu siku hiyo siikumbuki harufu ya mume wangu. Nimenusa marashi ya lavenda madukani. Yanakaribia, ila si yeye. Nawaomba, mkimwandaa mtu wenu, tafuteni chupa yake hata kama gari linasubiri.

Wifi hakuniuliza tena. Alimwaga marashi yake chooni, akafungua madirisha na baridi ile, akanitandikia kitanda. Nikalala mpaka jioni.