Moyo wa Mama na Maji ya Majivu

Mama alilegea miguu Jumapili akitoka kanisani, na Jumatatu asubuhi alishindwa kuinua kikombe cha chai. Tukakodi gari kutoka Awendo kwenda Homa Bay, kwenye hospitali alikokuwa akisafishwa damu kwa mashine, maana figo zake zilikuwa zimekufa. Tulikaa nyuma watatu: mama katikati, mimi huku, mama mdogo kule. Mama mdogo ni dada yake, ndiye aliyehamia kwetu kumpikia na kumuogesha mimi nikiwa shuleni nafundisha bayolojia. Malori ya miwa yalituzibia barabara, nikamtukana dereva wetu ambaye hakuwa na kosa lolote.

Hospitalini walimbandika mama nyaya kifuani. Daktari akaitazama karatasi iliyotoka, kisha akaacha kuzungumza nasi, akawa anazungumza na wauguzi tu. Nikachungulia. Ile mistari ya moyo nimeichora ubaoni miaka mingi, lakini vilele vilivyochongoka namna ile sikuwahi kuviona nje ya kitabu. Potasiamu ilikuwa imejaa kwenye damu, na moyo ulikuwa unazidiwa.

"Amekula nini?" daktari akauliza.

"Hakuna kibaya," mama mdogo akajibu haraka. "Ndizi sijampa. Viazi sijampa. Mboga nachemsha, maji namwaga, vile mlisema. Chumvi ya duka sijaigusa tangu mkataze. Namwekea tu ile yetu ya majivu, haina madawa."

Ya majivu! Yawa! Kwetu tunaiita kado atoka: unachoma maganda makavu ya maharagwe, unachuja majivu yake kwa maji, na yale maji ya rangi ya chai ndiyo yanalainisha kunde na mrenda. Ni tamu, hata mimi nilikuwa nikila na kuongeza. Sasa hayo majivu yana nini? Potasiamu tupu. Anamwaga potasiamu mlangoni na maji ya mboga, anairudisha kwa kijiko!

Daktari akaamuru mama adungwe kalsiamu, ituvutie muda moyo usisimame. Mashine ya kusafisha damu ilikuwa na mgonjwa mwingine na haingeweza kukatizwa. Tukaambiwa tusubiri nje.

Hapo kwenye benchi nikampasukia mama mdogo, watu wote wakisikia. Nikamwambia kila seli ya mwili ina ngozi yake nyembamba sana, na potasiamu inakaa ndani yake, nyingi, huku nje ikiwa kidogo. Kwa hiyo inapenya kutoka, kama watu wanaotoka kanisani ibada ikiisha. Kila chembe ikitoka inaondoka na chaji yake, ndani kunabaki upungufu, na huo upungufu ndio umeme wenyewe. Moyo unapiga kwa huo. Sasa wewe umejaza watu uwanjani mpaka mlangoni! Nani atatoka? Tofauti ya ndani na nje inapungua, umeme unafifia, na moyo unashindwa kujipanga upige. Figo nzima ingeitoa hiyo potasiamu kwa mkojo. Ya kwake iko wapi? "Mama anakufa," nikamwambia, "na sufuria ni yako!"

Mama mdogo alivua kitambaa cha kichwa, akakikunja, akakikunjua. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mgonjwa wake akaniambia, "Wewe, huyo ni mzazi wako pia." Nikamwambia ashughulike na yake.

Basi tukangoja. Nilimwomba Mungu kwa maneno ya mtoto mdogo. Niliomba yule mgonjwa kwenye mashine amalize haraka, halafu, Mungu anisamehe, nikaomba amalize kwa njia yoyote ile. Kila muuguzi aliyepita nilimshika mkono. Wakaniruhusu kuingia kidogo. Mama alikuwa macho, midomo mikavu, vidole havikuweza hata kunishika. Akauliza kama dada yake amekula chochote tangu asubuhi. Nikasema ndiyo, na haikuwa kweli.

Mashine ilipopatikana walimsukuma mbio. Hawakuwahi kuiunganisha. Niliona kupitia mlango mtu akipanda juu ya kitanda na kumkandamiza kifua, akipokezana na mwingine, mpaka daktari akawagusa bega waache.

Mama mdogo alikuwa palepale kwenye benchi. Sikuhitaji kumwambia kitu, uso wangu ulitosha. Hakupiga nduru kama wanawake wa kwetu wanavyofanya. Alinivuta nikaketi karibu yake.

"Wewe umesoma," akasema. "Niambie ukweli. Ni mimi nimemuua?"

Miaka yote darasani sijawahi kumwachia mwanafunzi jibu lisilo sahihi.

"Hapana, mama," nikasema. "Ni figo."

Akaniangalia, machozi yakimtiririka.

"Kama ni figo," akasema, "mbona ulinipigia kelele?"